Feni ya Baba Nakijwa

Mlio ulifika kabla ya watu wenyewe. Hidaya Mfinanga alikuwa ameinamia meza yake ya kazi, bisibisi mkononi, aliposikia feni ikilia nje kwenye jua, sauti nyembamba ya kitu kinachokimbizwa kupita uwezo wake. Kabla hajainua kichwa alishajua kwamba kuna pacha wa mtu anaungua.

"Karibuni ndani," aliita. "Huku kuna kivuli."

Mlangoni alitokea mama mmoja mrefu, mtu mzima, kitenge kimekazwa kiunoni. Alikuwa amemshika mkono mzee aliyetembea polepole na begi la turubai kifuani. Begi lilitobolewa matundu pande zote ili lipitishe hewa. Waya mwembamba ulitoka ndani yake, ukapanda shingoni na kupotelea nyuma ya sikio la kulia la mzee.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Hidaya, fundi wa mapacha?"

"Ndimi, mama. Kaeni."

"Mimi ni Mama Nakijwa, tumetoka Hedaru. Huyu ni mume wangu, Eliamani Msuya. Alikuwa mpima ardhi, hakuna shamba wilaya hii ambalo hajalikanyaga. Sasa tangu masika yaishe amekuwa mzito. Sentensi anaianza asubuhi, anaimalizia mchana."

Mzee alifungua mdomo. Feni ikapanda mpaka ikawa kama nyuki waliochokozwa. Uso wake haukuonyesha chochote, kwa kuwa kiharusi kilikuwa kimeulaza wote, paji, mashavu na midomo. Wakamngoja. Mtu angeweza kufungua kamba za viatu na kuzifunga tena kabla neno halijatoka.

"Asubuhi... hiyohiyo," alisema. "Ananisingizia."

Hidaya alicheka, akampenda palepale.

Miaka ile mtu aliyepigwa kiharusi hakuachwa akae kibarazani akitafuta jina la mkewe. Aliwekewa nyuzi nyembamba kuliko unywele ndani ya ubongo, na nyuzi zile zikaunganishwa na kompyuta mpakato iliyofanya kazi ya sehemu iliyokufa. Ilitafuta neno, ilioanisha sura na jina, ilifuata kumbukumbu mpaka pale ilipolala na kuiamsha. Haikuwa na kumbukumbu zake yenyewe. Ilichokuta kichwani ndicho ilichokileta. Watu waliiita pacha. Kampuni iliyowatengeneza ilikuwa imeshafungwa, na mapacha waliobaki waliishi kwa mikono ya mafundi wachache kama Hidaya. Mafundi hao walikula kiapo kama cha madaktari: utakachokiona ndani ya pacha wa mtu hukisemi kwa mwingine, hata awe mzazi, hata awe mwenzi wake.

Alimtoa pacha begini, akamweka juu ya kigoda mbele ya mzee bila kuchomoa waya, akafungua mgongo wake. Vumbi lilikuwa limeshikana na manyoya ya mbuzi likaziba njia yote ya hewa. Dawa ya kupoza iliyopakwa juu ya chipu ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi.

"Sio yeye aliyekuwa mzito, mama," Hidaya alisema huku akipuliza vumbi. "Ni joto. Chipu ikipata moto kupita kiasi inajipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Mzee anataka kusema, mashine inamwambia ngoja kwanza nipoe. Na huko kwenu Hedaru itapoa saa ngapi?"

"Kwetu hata maji ya mtungini yana moto."

"Basi nitafanya mambo mawili. Nitaipunguzia volti, kisha nitaiongezea kasi."

"Unampunguzia chakula halafu unamwambia akimbie?"

"Inaonekana kama uonevu," Hidaya alikubali. "Lakini kiwandani walizipa chipu zote umeme mwingi kuliko zinavyohitaji, wasije wakalaumiwa kwa ile moja dhaifu. Ule wa ziada kazi yake ni kuchemsha tu. Kila chipu ina kiwango chake. Nitakitafuta cha huyu."

Kwenye kompyuta ya kawaida kazi hiyo ni rahisi. Unashusha volti kidogo kidogo, na ukipita mpaka mashine inazima, unaiwasha upya na kurudi nyuma hatua moja. Pacha hazimi. Pacha akikosa umeme wa kutosha anakosea, na anayekosea ni mtu. Kwa hiyo Hidaya alishusha volti kwa mkono mmoja na kumsikiliza mzee kwa masikio yote mawili.

"Niambie unavyoviona humu ndani, baba."

"Meza. Dirisha. Kalenda ya mwaka jana. Mke wangu, ana wasiwasi."

Akashusha. "Tena."

"Meza. Dirisha. Kalenda. Mke wangu, sasa amenuna."

Akashusha. "Tena."

"Meza," mzee alisema kwa utulivu uleule. "Dirisha. Kijiko."

"Kijiko kipi, baba?"

Mzee aliinua mkono, akaonyesha mlango. "Kile pale. Tulichoingilia."

Mama Nakijwa aliziba mdomo kwa kiganja. Hidaya alipandisha volti hatua mbili. Alisubiri.

"Mlango," mzee alisema. "Ule ni mlango. Nimesema nini?"

"Umesema kijiko," mkewe alimwambia, akacheka kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. "Tumeingilia kijikoni, Baba Nakijwa."

Alipomwita hivyo feni ilipiga kelele kidogo, ikatulia. Hidaya aliisikia, lakini hakuipa maana.

Kazi iliyobaki ilikwenda vizuri. Chipu ilikuwa imepoa sana, hata akaweza kuipa kasi ambayo watengenezaji wake hawakuiota. Mzee akaanza kuzungumza. Alieleza jinsi barabara mpya ya Same ilivyopindishwa pasipo sababu na mpima aliyekuwa akiogopa nyoka, akamtaja mpima huyo kwa jina, akataja na aina ya nyoka, yote kwa pumzi moja. Mama Nakijwa alikuwa akimtazama kama mtu aliyempokea msafiri.

"Imebaki feni," Hidaya alisema. Aligeuza kioo cha kompyuta yake ili waone. Kulikuwa na mstari uliolala chini, kisha ukapanda ghafla kama ngazi. "Hivi ndivyo ilivyotoka kiwandani. Inalala mpaka joto lizidi, ndipo inakurupuka. Ikishapoza inalala tena. Ndiyo maana inapanda na kushuka siku nzima. Nitauchora upya huu mstari uwe wa mteremko mpole. Ila nahitaji kujua joto la juu kabisa, kwa hiyo nataka baba afikiri kwa nguvu."

Mama Nakijwa alisogeza kiti chake karibu na mumewe.

"Mtaje Nakijwa," alisema taratibu. "Binti yetu. Tulimzika akiwa darasa la tatu, moyo ulikuwa na tundu. Mtaje tu, utasikia mwenyewe."

Hidaya alisita. Lakini mama alishauchukua mkono wa mumewe na kuulaza mapajani mwake. "Baba Nakijwa, unamkumbuka mtoto alivyokuwa akikungoja njiani ukitoka kazini?"

Feni ikalia. Ilipanda mpaka mwisho na kubaki pale, sauti imejaa chumba, na kigoda kikawa kinatetemeka. Machozi yalimlenga mama, naye hakuyafuta. Akaweka kiganja chake juu ya mgongo wa pacha, pale penye moto, kama anayempoza mtoto mwenye homa.

Hidaya alikuwa akitazama kioo. Palikuwa na mistari miwili. Wa kijani ulionyesha chipu inavyotafuta, wa buluu ulionyesha inachokipata. Mzee alipokuwa akisimulia barabara na nyoka, mistari ile ilikwenda pamoja kama mtu na kivuli chake. Sasa wa kijani ulikuwa umegonga dari. Wa buluu ulikuwa umelala chini kabisa, haujatikisika.

Akainua macho. Mzee alikuwa anamtazama yeye, si mkewe.

"Mama Nakijwa," mzee alisema, na sauti ilitoka bila kuchelewa, "nina kiu. Yale ya dukani, ya baridi."

*

Walipobaki wawili, mzee hakupoteza muda.

"Umeona."

"Nimeona, baba."

"Hakuna kitu pale. Nilipoamka hospitalini waliniuliza maswali mengi, nikayajibu karibu yote. Shule niliyosoma, mashamba niliyopima, siku niliyomwona mke wangu kwa mara ya kwanza amebeba ndizi, amekasirika. Vyote vipo. Mtoto hayupo. Mahali alipokuwa ndipo kiharusi kilipopiga." Alionyesha waya wa sikioni. "Kila wanaponiita Baba Nakijwa, mashine inakwenda kumtafuta. Siiambii iende. Inakwenda yenyewe. Ni jina langu, fundi. Naitwa hivyo kutwa nzima."

"Na mama hajui."

"Mama anadhani nalia." Mikono yake ilitembea juu ya magoti. "Uso wangu umekufa. Siwezi kukunja hata paji. Siku ya kwanza alipomtaja mtoto nikatafuta, feni ikalia, akanikumbatia. Alisema, 'Ahsante Mungu, bado yumo.' Ningemwambia nini? Sasa kila Jumapili baada ya ibada anakaa karibu yangu, anamtaja. Anasikiliza. Anafarijika. Na mimi ndani yangu nazunguka kwenye nyumba tupu nikipiga hodi."

Hidaya alikirudisha kioo upande wake.

"Nataka uifanye sauti iwe moja," mzee alisema. "Isipande, isishuke. Nikifikiri, nisipofikiri, iwe ileile. Umeipunguzia joto, inawezekana?"

"Inawezekana." Kabla ya kazi ya leo isingewezekana. Feni ya kasi moja ingemwacha pacha aungue. Sasa, kwa volti zile ndogo, mwendo wa kati usiobadilika ungetosha hata kwa joto la Hedaru. "Lakini ukifanya hivyo bila kumwambia, unamnyang'anya kitu."

"Namnyang'anya uongo."

"Yeye hajui kuwa ni uongo."

"Wewe kichwa chako kina mlango, fundi. Unafikiri unachofikiri, unatuonyesha unachotaka. Mimi hata nikicheza drafti, wenzangu wanasikiliza feni wajue nimeona mtego wao au sijauona. Wanasema, 'Subiri, Msuya anapiga hesabu.' Nimezoea, nacheka nao. Lakini hili la mtoto..." Feni ilipanda tena, ikasema kwa niaba yake kabla hajamaliza, naye akangoja mpaka ikashuka. "Umesikia? Hata sasa."

Mama alirudi na chupa ya maji. Mzee alipokuwa akinywa, mama alimvuta Hidaya kibarazani, akiwa na ombi lake mwenyewe.

"Mwanangu, nimekusikia ukisema unachora mstari upya. Usije ukaiondoa ile sauti. Najua watu wanapenda kimya. Mimi sikipendi." Alitazama huku na huku, kana kwamba alikuwa anaomba kitu cha aibu. "Alikuwa mtu wa machozi ya karibu, huyo. Harusini alilia yeye, sikulia mimi. Tulipomzika mtoto watu walimshika yeye. Baada ya ugonjwa nikaachiwa uso kama ukuta. Ile feni ndiyo machozi yake yaliyobaki. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mama," Hidaya alisema, na kwa bahati mbaya ilikuwa kweli.

Alirudi mezani akakaa mbele ya kioo. Alijiambia kwamba fundi hachagui kati ya mume na mke, anatengeneza mashine tu. Halafu akaona kwamba mstari wowote atakaouchora utakuwa umechagua. Akiuacha upande na kushuka, amempa mama faraja na kumwacha mzee akipiga hodi kwenye nyumba tupu mpaka siku yake ya mwisho. Akiulaza, amempa mzee mlango na kumfungia mama nje.

Mwishowe alijiuliza pacha yule ni wa nani. Mwili ni wa nani. Akaulaza mstari.

"Nimefanya ulivyotaka," alimnong'oneza mzee alipokuwa akimrudishia begi kifuani. "Lakini mwambie. Niahidi."

"Nitamwambia," mzee alisema. Kwa uso ule hakuna aliyeweza kujua kama alimaanisha.

*

Mama Nakijwa alirudi peke yake wiki iliyofuata, hakubisha hodi.

"Umenizimia mume wangu," alisema akiwa bado amesimama.

Hidaya alimwacha mteja aliyekuwa naye, akamwomba arudi mchana. Alimpa mama kiti. Hakukitaka.

"Anaongea vizuri, sikatai. Anatania, anagombana na redio. Lakini jana nimekaa naye, nimemtaja mtoto. Kimya. Nikamtaja tena, nikamweleza siku alipopata cheti cha usafi. Ile sauti ileile, vuuu, kama friji. Nikaweka mkono, hapana kitu. Nikasema labda amesinzia. Yuko macho, ananitazama! Umeifanya nini hiyo mashine? Ulipompunguzia umeme ulikata nini?"

"Sikukata kitu, mama. Nilibadilisha feni tu. Sasa inakwenda mwendo mmoja."

"Nilikuomba!"

"Uliniomba. Na yeye aliniomba."

Mama Nakijwa alikaa.

"Yeye aliomba nisimsikie?"

Kiapo kilimzuia Hidaya kujibu.

"Basi rudisha," mama alisema, na sauti yake ikawa kavu. "Mimi ndiye msimamizi wake kisheria. Joto, betri na feni ni mambo ya usalama, msimamizi akisema fundi anafuata. Niliyasoma yote siku anapewa huyo pacha. Unaweza kurudisha ukiwa hapohapo ulipokaa, sivyo?"

Ilikuwa hivyo. Pacha wa mzee alikuwa bado ameunganishwa na meza ya Hidaya kwa mtandao, kwa ajili ya uangalizi wa wiki za mwanzo. Angegusa mahali pamoja tu, na kule Hedaru feni ingeanza kupanda na kushuka. Mama angerudi nyumbani, angemtaja mtoto, angesikia alichotaka kusikia. Hakuna ambaye angemlaumu Hidaya. Sheria ilikuwa upande wa mama, na huruma pia. Kidole kilikuwa tayari juu ya kioo.

Alimwona mzee amekaa Hedaru, mikono magotini, hajui lolote, na ghafla kichwa chake kinaanza kupiga kelele tena kwa kugusa kwa mtu aliye mbali.

"Una haki hiyo," alisema, akaondoa mkono. "Ila sitafanya hivyo nyuma ya mgongo wake. Twende kwake. Ukisema mbele yake nirudishe, nitarudisha."

"Kuna kitu unanificha."

"Kuna kitu si changu, mama. Twende."

Akafunga duka. Walipanda gari lake dogo la umeme wakaifuata barabara, milima ya Upare kushoto na mkonge kulia, na njia nzima Mama Nakijwa alitazama dirishani.

*

Mzee Msuya alikuwa uani chini ya bati la kivuli, pacha mapajani, ubao wa drafti umepangwa mbele yake lakini hapakuwa na mwenzake. Alipoona wanashuka wote wawili, aliusogeza ubao pembeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kunizima au kuniwasha?"

Hidaya hakucheka safari hii. Alichuchumaa mbele yake. "Mama anataka feni irudi kama zamani. Ameniuliza kwa nini niliibadilisha. Mimi siwezi kumjibu. Wewe unaweza."

Feni ilikwenda mwendo wake uleule. Hakuna aliyejua kilichokuwa kikipita kichwani mwa mzee, na kwa mara ya kwanza Hidaya alielewa ukubwa wa kitu alichompa, na ubaya wake pia. Mzee angeweza kusema lolote. Angeweza kusema sauti ilikuwa inamuumiza kichwa.

"Namsifu," alisema. Lilikuwa jina la mkewe la usichana, na mama alishtuka kulisikia. "Kaa."

"Nasimama."

"Simkumbuki mtoto."

Kuku mmoja alipita katikati yao. Mama Nakijwa alimfukuza kwa mguu, kama mtu ambaye hajasikia.

"Humkumbuki vipi?"

"Simkumbuki kabisa. Sura, sauti, siku aliyozaliwa, siku tuliyomzika. Mashine inatafuta haipati. Ile kelele ilikuwa kutafuta. Haikuwa kulia, Namsifu. Haijawahi kuwa kulia."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoamka."

"Na tulipokwenda kaburini Pasaka? Ulishika msalaba. Ulitaja jina lake lote, la ubatizo na la ukoo."

"Limeandikwa pale. Nililisoma."

Mama Nakijwa alivua kilemba chake, akakishika mikononi bila kujua afanye nacho nini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikimlilia peke yangu." Akageuka, akaingia jikoni. Wakasikia sufuria zikigongana, maji yakimwagwa, sufuria tena.

Hidaya alianza kukusanya vifaa vyake ambavyo hakuwa hata amevitoa. Alitamani dunia ipasuke aingie. Kama angegusa kile kioo asubuhi, nyumba hii ingekuwa inajiandaa kwa chakula.

"Usiondoke," mzee alisema.

"Hapa si mahali pangu, baba."

"Si pako. Lakini sitaki akitoka anikute peke yangu. Naogopa."

Basi akakaa. Alikaa kwenye kigoda upande wa pili wa ubao wa drafti, mzee akasukuma kete moja, na yeye akasukuma yake. Alicheza vibaya. Mzee alimla tatu kwa mpigo bila feni kubadilika hata kidogo, na wote wawili wakaliona hilo.

Sufuria zilinyamaza. Mama Nakijwa alisimama kwenye mlango wa jikoni, macho mekundu, mikono imelowa mpaka viwiko.

"Alikuwa mkaidi," alisema.

Mzee aliinua kichwa.

"Usifikiri alikuwa malaika. Watu wakifa tunawasingizia wema. Alikuwa mkaidi, na alikuwa anakula udongo wa kichuguu. Nilimchapa, akaendelea. Ukamsimulia usiku mmoja ile habari ya minyoo, ukamchorea na picha, akalia mpaka asubuhi, kesho yake nikamkuta kichuguuni." Alikuja mpaka kwenye kivuli, akakaa chini kwenye mkeka, mbali kidogo na mumewe. "Hukuwahi kumchapa hata mara moja. Ulinigombeza mimi."

"Alikuwa anafanana na nani?" mzee aliuliza.

Swali lilimchoma mama, Hidaya aliliona likimchoma. Lakini mama alijibu.

"Mama yako. Mdomo hasa. Akikataa kitu anaubetua hivi." Akaubetua.

Mzee alicheka. Uso wake haukusogea, lakini kicheko kilitoka, kizito, cha kifuani, kwa maana mdomo wa mama yake aliukumbuka vizuri sana. Mama Nakijwa naye alitaka kucheka, kikamgeukia kuwa kilio, akalia waziwazi akiwa ameshika magoti yake. Mzee alishuka kwenye kiti kwa shida, pacha amembana kwapani, akakaa mkekani karibu naye. Hakumgusa. Alingoja, na mama alipokuwa tayari akaegemeza bega lake kwake.

"Endelea," mzee alisema. "Anza mwanzo. Mimi sijui kitu, usiruke."

Akaanza mwanzo. Alieleza mimba iliyomtapisha, mvua iliyokata daraja siku ya uchungu, mkunga aliyefika amebebwa mgongoni. Alieleza jina lilivyochaguliwa na nani alilikataa. Mara nyingine alisahau na kusema "unakumbuka?" kisha akajisahihisha, na mzee akasema, "Hapana, eleza." Hidaya alisikiliza huku jua likihama kwenye bati. Hakuna aliyemwomba arudishe feni, naye hakuuliza.

Walipofika kwenye ile habari ya mtoto kumngoja baba yake njiani, mama alitua. Macho yake yalikwenda kwa pacha, kwa mazoea, na sikio likainama kidogo. Vuuu, mwendo mmoja. Akaona hakuna msaada huko. Akainua macho, akamtazama mumewe usoni, kwenye uso ule uliolala, akautafuta na kuutafuta, halafu akafanya kitu ambacho hakuwa na haja ya kukifanya kwa miaka mingi.

"Unawaza nini?" alimuuliza.

Mzee alichukua muda wake. Safari hii mashine haikuwa na kosa. Ni yeye aliyekuwa akichagua maneno.

"Nawaza kwamba ningempenda," alisema.

Mama Nakijwa alitikisa kichwa. Aliuchukua mkono wa mumewe kutoka kwenye mashine, akauweka katikati ya mikono yake miwili iliyokuwa bado na harufu ya sabuni ya vyombo.

"Ulimpenda," alimwambia. "Mimi nilikuwepo."